Mtoto Akihara Msimnyime Maji



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya ugonjwa ambao karibu kila nyumba yenye mtoto mdogo imeshaukuta, nao ni kuhara na kutapika. Kwa sababu tumeuzoea, mara nyingi hatuuogopi inavyopasa. Hata hivyo ungali miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi walio chini ya miaka mitano, nchini kwetu na duniani. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wa watoto hao wangeweza kupona kwa vitu vilivyomo jikoni mwa mama yao.

Somo letu ni moja, nalo tunaomba mlishike kabla ya mengine yote: mtoto anayehara huuawa na maji anayoyapoteza bila kurudishiwa.

YALIYOTOKEA KIJENGE

Tuanze na habari ya majirani zetu wa Kijenge Juu. Majina yao tunayahifadhi. Mtoto wao wa miezi kumi alianza kuhara siku ya Ijumaa. Mama yake alikuwa anauza mboga sokoni tangu alfajiri, na bibi ndiye aliyeshinda na mtoto. Bibi alimpapasa ufizi akasema, "Huyu anaota meno. Itakwisha yenyewe." Na kwa kuwa kila mtoto aliponywa maji alihara tena, bibi akaona ni heri alipumzishe tumbo. Maji yakapunguzwa, uji ukaachwa. Bibi huyu si mkatili. Anampenda mjukuu wake kuliko nafsi yake, na hivyo ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia.

Jumamosi usiku mtoto akaacha kulia. Nyumba nzima ikashukuru, ikidhani kwamba amepata nafuu na sasa amelala.

Jumapili asubuhi mama mmoja wa jumuiya alipita kuwachukua waende Misa pamoja. Alipomwona mtoto aliweka kitenge chake chini akaketi.

"Shikamoo, Bibi. Mtoto huyu amekojoa tangu jana?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi najua kuhara tu. Mkojo sikuutazama."

Hakuna mtu mle ndani aliyeweza kujibu swali lile. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na alipofinywa kidogo ngozi ya tumbo ilichelewa kurudi. Yule mama aliomba maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi na kijiko. Akaanza kumpa mtoto kijiko kimoja kimoja, na aliendelea hivyo hivyo ndani ya bajaji mpaka kituo cha afya, ambako mtoto alitundikiwa dripu. Siku ya tatu alirudi nyumbani anacheza. Tunamshukuru Mungu. Lakini tukumbuke pia kwamba usiku ule wa kimya, ambao watu wa nyumbani waliudhania kuwa nafuu, ndio uliokuwa wa hatari kuliko yote.

KWA NINI MAJI NA CHUMVI?

Mwili wa mtoto mchanga kwa sehemu kubwa ni maji. Akihara na kutapika, maji hutoka pamoja na chumvichumvi ambazo moyo, misuli na ubongo huzihitaji ili kufanya kazi. Mtu mzima ana akiba. Mtoto mdogo akiba yake ni ndogo sana, na inaweza kwisha kwa siku moja tu, au hata kwa saa chache kama choo ni kingi.

Huenda mtu akauliza: kama tumbo linatoa maji yote, kumwongezea mengine kuna faida gani? Swali hili ni zuri. Mungu ameliumba tumbo kwa namna ya ajabu. Hata likiwa linaumwa, linabaki na uwezo wa kupokea sukari na chumvi kidogo zikija pamoja. Sukari hufungulia chumvi mlango, nazo zikiingia mwilini maji huzifuata. Ndiyo sababu maji matupu peke yake hayatoshi. Na ndiyo sababu pia vitu vitamu mno kama soda na juisi za pakiti havifai, kwa maana sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyarudisha tumboni, na kuhara kukaongezeka.

Ukweli huu ulithibitika mahali pa shida kubwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi waliingia India, na kipindupindu kikawavamia makambini. Katika kambi ya Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliona dripu zinakwisha huku wagonjwa wamelala hata sakafuni. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari ya glukosi katika maji, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo vifo vilifikia karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100. Chini ya uangalizi wake vilishuka hadi chini ya 4. Daktari huyo alifariki mwaka 2022. Tuangalie vizuri ni nani waliookoa watu wale: akina mama, akina baba, dada na shangazi, kila mmoja na kikombe chake.

MANENO MATATU YANAYOTUPOTEZA

1. "Anaota meno."
Meno huanza kuota karibu na miezi sita. Wakati huo huo ndipo mtoto anapoanza kutambaa, kuokota kila kitu na kukitia mdomoni, na kuanza kula vyakula vingine zaidi ya maziwa ya mama. Vijidudu huingia kwa njia hiyo, lakini sisi tunayalaumu meno. Kuota meno hakuharishi mtoto hata akapungukiwa maji. Akihara, atunzwe kama mgonjwa, awe anaota meno au haoti.

Wako pia wanaosema mtoto ana "meno ya plastiki", wakampeleka kwa mtu wa kuyang'oa. Imani hii ilienea nchini kwetu tangu miaka ya 1980, na wataalamu wetu wa meno wameiandika. Kile cheupe na laini kinachochimbuliwa katika ufizi ni chipukizi la jino halali la mtoto. Mtoto aliyekwisha dhoofu kwa kuhara hupoteza damu, huingiwa na vijidudu vipya, na pengine jino hilo halitaota maisha yake yote. Kukata kilimi nako ni hivyo hivyo: hakuponyi kuhara, na kunaweza kuua. Tunaomba sana, ndugu, tusiwapeleke watoto wetu huko.

2. "Tulipumzishe tumbo."
Tumbo halipumziki kwa kunyimwa. Mtoto aliyenyimwa maji na chakula anaendelea kuhara, tena anadhoofika zaidi.

3. "Mpe dawa ya kufunga."
Vidonge vya kufunga tumbo vya watu wazima ni hatari kwa mtoto mdogo. Vilevile tusikimbilie kununua Flagyl au dawa nyingine za kuua vijidudu bila kupimwa. Sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto husababishwa na virusi, na dawa hizo hazivigusi virusi. Zina kazi yake, kwa mfano mtoto akitoa choo chenye damu, lakini mwenye kuamua ni tabibu.

JINSI YA KUTENGENEZA MAJI YA KUNYWESHA

Kwanza, tafuteni pakiti za ORS. Zinapatikana zahanati na katika maduka ya dawa, na bei yake si kubwa. Someni pakiti ili kujua inahitaji maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja, nyingine za nusu lita. Changanyeni pakiti nzima kwa mara moja, msiigawe kwa kukisia. Kila nyumba yenye mtoto mdogo iweke akiba ya pakiti mbili, kwa sababu maradhi haya hupenda kuanza usiku, maduka yamefungwa.

Kama pakiti haipo, msingoje. Tengenezeni hivi:

(a) Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.
(b) Pima lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Chupa mbili za maji za nusu lita ni lita moja kamili.
(c) Tia vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa.
(d) Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kisawazishwe.
(e) Koroga mpaka viyeyuke, kisha onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya, kwa sababu chumvi nyingi humletea mtoto degedege.
(f) Funika. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Tunawakumbusha watu wa huku kwetu: chumvi ni chumvi ya mezani. Magadi ya kulainishia makande yasitiwe kamwe katika maji haya.

JINSI YA KUMNYWESHA

Kila baada ya choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Aliyezidi miaka miwili apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Tumieni kikombe na kijiko. Chupa yenye chuchu iachwe, maana ni vigumu kuisafisha na huficha vijidudu.

Akitapika, msikate tamaa. Ngojeni dakika kumi, kisha mwanze tena polepole, kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili. Hata akitapika, kiasi fulani hubaki tumboni. Haba na haba hujaza kibaba. Kazi hii inachosha, hasa usiku. Kwa hiyo isiachwe kwa mama peke yake. Baba ashike kijiko saa mbili, mama alale. Kisha shangazi au dada apokee.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida, usiku na mchana. Aliye chini ya miezi sita asianzishiwe uji wala chai. Anyonyeshwe zaidi, na apelekwe kwa mhudumu wa afya aelekeze kuhusu ORS.

CHAKULA NA ZINKI

Mgonjwa asiyekula hapati nguvu ya kupigana na ugonjwa. Mtoto aliyekwisha anza chakula apewe kidogo kidogo mara nyingi, kila baada ya saa tatu au nne. Hatuna haja ya vyakula vya dukani. Mtori mwepesi, wali uliopikwa ukalainika, viazi vilivyopondwa, uji wa ulezi wenye kijiko cha mafuta, ndizi mbivu na parachichi, vyote tunavyo hapa mlimani Meru. Ndizi hasa zina madini ya potasiamu ambayo mtoto huyapoteza anapohara. Akipona, mwongezeeni mlo mmoja zaidi kila siku kwa majuma mawili, arudishe uzito wake.

Jambo jingine ambalo wazazi wetu hawakulijua ni vidonge vya zinki. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri kila mtoto anayehara apewe zinki pamoja na ORS. Zinki hupunguza siku na ukali wa kuhara, na humkinga mtoto asiugue tena upesi katika miezi inayofuata. Kipimo hutegemea umri, nacho mhudumu atawaonyesha. Kidonge huyeyushwa katika kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Hutolewa mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Kosa letu kubwa ni kuacha siku ya tatu kwa sababu kuhara kumekoma. Dozi imalizwe.

DALILI ZA HATARI

Mpelekeni mtoto kituo cha afya au hospitali mara moja, bila kungoja asubuhi, mkiona hata moja kati ya hizi:

– Hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu.
– Amelegea, ni vigumu kumwamsha, au amekuwa kimya isivyo kawaida.
– Macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi.
– Ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole.
– Hajakojoa kwa saa sita au zaidi, au mkojo ni kidogo na wa rangi iliyokolea.
– Choo kina damu.
– Ana homa kali au degedege.
– Choo ni kingi mno, cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Hiki huenda ni kipindupindu, ambacho huweza kuua kwa saa chache. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya nchi yetu.

Mtoto wa chini ya miezi miwili anayehara apelekwe hata kama hana dalili hizo. Vivyo hivyo mtoto ambaye amehara siku 14 bila kukoma.

Njiani msiache kumnywesha, maadamu yuko macho na anaweza kumeza. Na hapa tunasema na akina baba. Nyumba nyingine mama hawezi kutoka usiku mpaka baba arudi atoe ruhusa na nauli. Ndugu, toeni ruhusa hiyo leo, mtoto akiwa mzima, na nauli iwekwe mahali ambapo mama anapajua.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Vijidudu vya kuhara hutoka katika choo vikaingia kinywani, kwa njia ya mikono, inzi, maji na chakula. Basi tunaweza kuvifungia njia.

Mikono. Inawe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kulisha. Choo cha mtoto mchanga nacho kina vijidudu. Kitupwe chooni, kisitupwe mferejini wala nyuma ya nyumba.

Maji. Wakati wa mvua za masika mito yetu, kama Themi, hubeba taka za mji mzima. Maji yenye tope yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja au zaidi, au yatiwe dawa ya maji ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Yawekwe katika chombo chenye mfuniko. Wengine huuliza juu ya floraidi, ile inayogeuza meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Ni vema kutafuta chanzo cha maji chenye floraidi kidogo, au kutumia machujio ya mkaa wa mifupa ambayo yametengenezwa na kituo cha Ngurdoto. Lakini mtoto anayehara asinyimwe maji hata kidogo kwa hofu ya floraidi. Madhara yake huja kwa miaka, ukosefu wa maji huua kwa siku moja.

Chakula. Kiliwe kikiwa cha moto. Uji uliolala usipewe mtoto. Matunda yaoshwe.

Chanjo. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2013 watoto wa Tanzania wanapewa bila malipo chanjo ya matone dhidi ya virusi vya rota, ambavyo huleta kuhara kukali hata miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wakati hakuna mvua. Huanza mtoto akiwa na wiki 6. Msikose tarehe iliyoandikwa katika kadi ya kliniki.

MWISHO

Katika Injili ya Mathayo 10:42 Bwana wetu anaahidi kwamba hata kikombe cha maji apewacho mmoja wa wadogo hakitakosa thawabu. Mara nyingi tunayasikia maneno hayo tukamfikiria mgeni au maskini aliye mbali. Mdogo huyo mwenye kiu huenda amelala nyumbani mwetu, na kikombe kiko kabatini.

Yule bibi wa Kijenge Juu siku hizi akisikia kwamba mtoto wa jirani anahara, huenda kumtazama. Swali lake la kwanza ni hili: "Amekojoa?" Nasi tunawaomba mlichukue swali hilo mkalitumie.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika familia zetu mtoto akihara tunasema nini, na tunafanya nini kwanza? Je, tunamwongezea maji au tunampunguzia?
2. Mmoja wetu atengeneze lita moja ya maji ya chumvi na sukari mbele ya wote, nasi tuonje. Je, kina baba nao wanaweza kuyatengeneza?
3. Ni nani katika jumuiya yetu mwenye mtoto mdogo na anayeishi peke yake? Usiku wa manane atamwita nani?
4. Ni nyumba ngapi kati yetu zina pakiti za ORS leo?

Mungu awabariki na kuwalinda watoto wenu.